Mtungi Uliokula Kijani

Zamani tulikuwa wengi, sisi wapiga picha wa ufuoni Malindi. Ulitujua kwa kamera shingoni na kwa uso uliochomwa na jua upande mmoja, ule wa kuwaandama wageni. Leo mwenye kamera nimebaki mimi, tena chumbani, si mchangani. Mmoja alioa bibi wa Kijerumani aliyelingana na mamake, akaenda kupiga picha theluji. Mwingine alihamia biashara ya nazi. Wengine wako chini ya mchanga, Mungu awarehemu. Watu huniuliza mimi nimebakije. Nimebaki kwa sababu sikupata pa kwenda, na pa kwenda palikuwapo: kibanda cha picha ndani ya hoteli, kando ya bwawa la kuogelea, chenye paa la makuti na feni. Nilikikosa kwa sababu ya rangi ya kijani. Shule niliiacha mapema, lakini nani alifanya nini nalijua vizuri, na sasa nalisema. Majina siyataji. Wenyewe wakisoma watajikuna.

Hoteli hiyo ilikuwa njia ya Watamu. Meneja wake alikuwa mtu wa bara, mnene, wa kuvaa tai hata Jumapili, na alikuwa amechoka kutuona tukikimbizana na askari wake mchangani. Siku moja, miaka hiyo ya themanini, mke wangu akiwa ndio kwanza amejifungua mtoto wetu wa kwanza, meneja aliniita mimi na mpiga picha mmoja wa Kilifi, mwanamume mrefu mwenye pikipiki na kicheko cha kuudhi. Akatusimamisha mbele ya ukuta mtupu wa mapokezi.

"Mnaona nini hapa?"

"Ukuta," nikasema.

"Mimi naona msitu," akasema meneja. "Mwenye hoteli anarudi kutoka Ulaya mwisho wa mwezi ujao. Anasema wageni wamechoka na picha za bahari, bahari yenyewe wanaiona dirishani. Anataka msitu wa Sokoke, ukuta mzima. Na anataka kijani! Mgeni akitoka juani akitazama hapa, asikie baridi mwilini. Kila mmoja wenu aniletee picha. Yule ambaye picha yake itapanda ukutani, kibanda cha bwawani ni chake."

"Na mwingine?" akauliza wa Kilifi.

"Mwingine nisimwone tena ufuoni kwangu."

Wa Kilifi akanigeukia, akacheka kile kicheko chake. "Kakangu, anza kuotesha mihogo."

Mimi sikuwa na wasiwasi. Filamu ya rangi nilikuwa nayo, negatifu ya aina ileile niliyopigia harusi. Nikapanda baiskeli hadi Sokoke, nikapiga mirihi na miti mingine nisiyoijua jina, majani juu, majani chini, kijani cha kuumiza macho. Filamu nikaipeleka Mombasa kusafishwa, maana mashine ya rangi ilikuwa huko. Bahasha iliporudi nikaifungua mbele ya mke wangu kwa madaha, kama bwana harusi anayefungua sanduku.

Akatazama moja. Akatazama ya pili. "Huu msitu umeungua?"

Ulikuwa na rangi ya pilau. Majani yote kahawia yenye wekundu, vigogo vyekundu, hata anga imeiva. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Lamu kumlea binti yake mpaka arubaini ya uzazi iishe, aliomba naye aone. Alijifunika ushungi vizuri, maana ukwe una adabu zake, akaisogeza picha karibu na macho. Akamwambia binti yake, si mimi, ingawa nilikuwa nimekaa hapohapo:

"Mwambie mumeo, mashaallah. Nyama hii ilikuwa ya harusi ya nani?"

Nikaibeba bahasha mpaka kwa mwenye duka la filamu, pale karibu na soko. Huyu ni mtu wa maneno mengi, na nitamshitaki kwa neno moja tu, lakini lisubirini. Alizitazama picha akacheka mpaka akashika kaunta.

"Bwana, mashine ya Mombasa imesomea harusi. Inajua nyuso za watu. Ikiletewa picha iliyojaa kijani inadhani mtu amepatwa na ugonjwa, basi inamtia wekundu mpaka apone. Wewe umeipelekea msitu, nayo imekuponyea msitu."

"Sasa nifanyeje?"

"Piga slaidi. Slaidi haichapwi na mtu. Filamu yenyewe ndiyo picha. Inasafishwa Nairobi, wanaikatakata vipande, kila kipande kwenye fremu yake ndogo. Ukiinua dirishani unaona ulichokiona msituni. Hapana wa kukuponya."

Hapo ndipo nilipoanza kuchagua, na kuchagua filamu katika duka la Malindi si kazi ya mtu mmoja. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na kisanduku cha manjano na kisanduku cha kijani. Mama mmoja aliyekuja kununua betri za redio akanyoosha kidole.

"Si unapiga msitu? Chukua hicho cha kijani. Hata rangi ya mlango, mtu hutazama kopo."

"Cha manjano huvuta dhahabu," akasema mwenye duka. "Kizuri kwa maharusi. Cha kijani kweli huvuta majani. Lakini hii ni ya kasi, mia nne. Inashika gizani, ila ina chembechembe. Uikuze ukuta mzima, majani yatakuwa kama uji wa mtama uliokorogwa vibaya."

"Basi amwambie huyo mwenye hoteli apunguze ukuta," akasema mama wa betri.

"Unataka ya polepole," akaendelea mwenye duka. "Kasi hamsini. Ni kama wali wa moto mdogo: inataka mwanga mwingi, au subira nyingi, lakini punje zote zinatoka moja moja. Na hii ya kabatini usiichukue, imeota jua. Za polepole naziweka kwenye friji ya soda." Akaenda nyuma, nikamsikia akisogeza chupa. Akarudi na moja. "Ni hii tu, ilijificha nyuma ya Fanta. Zilizobaki kachukua jamaa mmoja wa Kilifi jana. Zote."

Sikuuliza jamaa gani.

"Isikie baridi mpaka siku ya kupiga," akasema. "Joto huila rangi. Friji unayo?"

"Nina mtungi."

Akafikiri. "Mtungi unafaa. Lakini usiilaze chini, chini kuna unyevu. Ining'inize."

Neno ndilo hilo. Angesema iweke kwenye bakuli, iweke juu ya tofali, leo ningekuwa chini ya feni. Alisema ining'inize.

Nyumbani tulikuwa na mitungi miwili. Mmoja wa maji ya kunywa. Wa pili ulikuwa mtupu, umefukiwa nusu kwenye mchanga mbichi pale uani, kivulini, na ndani yake palikuwa na ubaridi wa alfajiri hata jua likiwa utosini. Mke wangu alishona kifuko cha kaniki nyeusi ili mwanga usipenye, nikaitia filamu humo na kopo lake la plastiki, nikafunga kifuko kwa uzi, nikakining'iniza shingoni mwa mtungi kikaelea hewani. Juu nikafunika sahani. Nilirudi nyuma hatua chache nikajipongeza. Sikujua kwamba mtu mwingine yeyote wa pwani hii, akifunua sahani hiyo, hataona filamu.

Kupiga sikuweza siku ile wala zile zilizofuata. Jua lilikuwa limekaa, na miti ya Sokoke kando ya njia ilikuwa imepakwa vumbi kama waoka mikate. Filamu yangu ilikuwa moja. Sikutaka kwenda kupiga vumbi kwa kasi ya hamsini. Nikaamua kungoja mvua ya kwanza iyaoshe majani.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa inanukia kushinda msikiti wa Ijumaa. Mama mkwe alikuwa mtu wa kufukiza. Alifukiza nguo za mtoto, kanga za mzazi, mito, na nywele. Mtungi wa maji ya kunywa aliufukiza kwa ubani na mastaki kabla ya kutia maji, kama wanavyofanya kwao visiwani, akasema maji yasiyofukizwa ni ya ng'ombe. Mimi mama yangu ni Mgiriama wa Ganda, kwetu maji tuliyanywa yakiwa maji, lakini yale ya mama mkwe yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Chetezo kilipita kila chumba kila alfajiri, nami nililala kama kitoweo kinachokaushwa. Kwa hiyo nilipokwenda kuchungulia kifuko changu nikakikuta kinanuka ubani, sikushangaa. Hata sabuni ilinuka ubani.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikachukua kifuko, kamera na baiskeli, nikaenda.

Wanaojua Sokoke wanajua kwamba baada ya mvua ule msitu haukai kimya, unadondoka. Kila jani lilikuwa linang'aa kama limepakwa samli. Nililaani jua kila lilipotoka, kitu ambacho mpiga picha wa ufuoni hakifanyi, maana jua la msituni huanguka madoadoa na slaidi haisamehe madoa: penye jua patakuwa peupe kama chokaa na penye kivuli patakuwa tundu. Nikangoja mawingu. Stendi ya kamera sikuwa nayo. Niliipindua baiskeli miguu juu, nikaifunga kamera kwenye gurudumu la mbele kwa mpira wa tairi kuukuu, nikalizuia gurudumu kwa kijiti. Hiyo filamu ya polepole ilitaka kilango cha mwanga ndani ya kamera kikae wazi muda wa mtu kuvuta pumzi, na jani likitikisika tu umepiga moshi. Nilisimama nikiuambia upepo, "Tulia baba, tulia kwanza." Mbu walijua mikono yangu ina kazi, wakanila shingo kwa raha zao. Sikuondoka mpaka filamu ilipogoma kuzunguka.

Niliipeleka Nairobi kwa basi, kwa mkono wa utingo niliyemwamini. Nikakaa nikingoja, na kichwani nikiwa tayari nimepanga kibanda: kamera hapa, kiti cha mteja pale, feni inipige kisogoni.

Kisanduku kiliporudi nilienda nacho dirishani peke yangu. Nikainua slaidi ya kwanza.

Rangi ya chungwa. Si ya pilau safari hii. Miti ilisimama vizuri, jani moja moja, hata tone la maji kwenye ncha ya jani lilihesabika. Lakini msitu wote ulikuwa wa rangi ya chungwa na waridi, kama jua linakuchwa ndani ya kila gogo. Nikainua ya pili, na ya mwisho. Hakuna hata ukoka mmoja wa kijani. Nikaangalia nje ya dirisha kwenye mpapai wa jirani, kuhakikisha ni macho yangu au ni dunia. Mpapai ulikuwa wa kijani.

Filamu nyingine haikuwapo, muda haukuwapo, mwenye hoteli alikuwa amekwisha kufika. Nikaoga, nikavaa shati jeupe, nikaenda. Niliwaza labda Mzungu atapenda. Wazungu hupenda vitu vya ajabu, si walikuwa wakitulipa tuwapige wakiwa wameungua na jua?

Mwenye hoteli alikuwa mzee mkavu wa kaptula. Meneja akachukua slaidi yangu nzuri kuliko zote, akainua kwenye taa. Akaigeuza. Akainua tena.

"Hii ni Marafa?"

"Ni Sokoke, bwana."

"Hapana. Hili ni lile korongo jekundu la Marafa. Nalijua, nilipeleka wageni, niliteleza pale. Mbona umepanda miti humo?"

"Ni Sokoke," nikasema. "Rangi ndiyo imepotea njia."

Wa Kilifi hapo alikohoa kwa adabu, akafungua bahasha yake. Picha ya karatasi, kubwa kama mkeka wa kuswalia. Na ilikuwa kijani. Kijani chenye maji, kijani cha kusikia baridi mgongoni. Katikati alisimama mwanamke, mkewe, amevaa gauni jeupe la harusi na shela, uso wake mzuri wa rangi ya kahawa, amekamatia tawi kama kwamba tawi ndilo linaloolewa.

Mwenye hoteli akaonyesha kidole. Meneja akaonyesha kidole palepale. Mambo yakawa yamekwisha.

"Huyu bibi mtamwondoa," akasema meneja. "Tutakata hapa."

"Kateni tu," akasema wa Kilifi. "Kazi yake amemaliza."

Langoni alinisubiri akiwa juu ya pikipiki. Sijui kwa nini watu walioshinda hawaendi zao nyumbani.

"Wewe ulipeleka wapi kusafisha?" nikamwuliza.

"Mombasa. Kwa mashine ileile inayoigeuza misitu kuwa pilau." Akacheka. "Ile mashine inatafuta uso, kakangu. Ukiinyima uso inachanganyikiwa. Nikaipa bibi harusi. Ikaona uso mzima na gauni jeupe, ikatulia, majani ikayaacha kama yalivyo."

"Na zile slaidi za polepole ulizonunua zote?"

"Ah, zile?" Akawasha pikipiki. "Ziko nyumbani, sijazifungua. Niliogopa utazipata wewe."

Sasa mnajua kwa nini naandika bila majina. Jina la mtu huyu lingechafua karatasi.

Nikarudi nyumbani nikatupa slaidi kitandani, nikamwambia mke wangu habari yote, kibanda kimekwenda, na ufuo umekwenda. Nikasema filamu ilikuwa nzuri, nilipiga sawasawa, sielewi joto lililoila lilitoka wapi, mtungi ulikuwa baridi muda wote. Mke wangu akaacha kukunja nguo za mtoto. Akatoka uani, nikamsikia akinong'ona na mamake, kisha sauti ya mama mkwe ikapanda, yenye furaha, ya mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

"Kile kifuko cheusi cha mumeo? Ndiyo nimekiona! Nilikwenda kutafuta mtungi wa pili niufukize, nikafunua, nikaona hirizi inaning'inia. Nikasema moyoni, masikini mkwe wangu, amemwekea mwanawe kinga ya kwao Ganda, hana wa kuifukizia. Sikutaka kumwuliza, mkwe haulizwi mambo ya siri. Basi kila alfajiri nikishateremsha chetezo humo mtungini na makaa yake mazuri, nafunika na sahani, nasoma Ayatul Kursi. Siku zote hizo! Mwambie asiwe na hofu, sikukosa hata siku moja. Tazama mtoto alivyonenepa."

Nilikaa kitandani nikayasikia yote. Kila alfajiri, mimi nimelala, makaa mazuri chini, filamu yangu juu, sahani imefunikwa, na Ayatul Kursi. Hata samaki wa Lamu hakaushwi kwa uangalifu namna hiyo.

Mke wangu akarudi akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Hakujua kama anilie au anicheke. "Mama anauliza, hirizi ilifanya kazi?"

Mama mkwe hapelekwi mahakamani. Hakaripiwi hata kwa kukohoa. Na mtoto kweli alikuwa amenenepa, mashavu kama maandazi. Nikamwambia, "Mwambie mama ilifanya kazi sana. Ahsante."

"Anauliza kama utaining'iniza tena."

"Mwambie bado."

Hivi ndivyo nilivyoondoka ufuoni nikafungua studio ya chumba kimoja, picha za pasipoti na za shule, nyuso tupu. Mashine ya Mombasa ilinipenda kuanzia hapo. Tulielewana. Yule wa Kilifi hakudumu kibandani, alihama na mgeni mmoja wa Kiswisi, gauni la harusi akamwachia mkewe. Simwonei huruma mtu, lakini mke huyo namwonea.

Picha ya msitu ilikaa ukutani miaka mingi. Nilikwenda kuitazama mara moja, nikijidai nimepeleka pasipoti za wafanyakazi. Fundi wa fremu alimkata yule bibi harusi kwa haraka, na kwenye ukingo, katikati ya majani ya kijani, kilibaki kiwiko chake, kimejikunja kana kwamba anataka kupita na watu hawampishi. Wageni walikaa chini yake wakinywa madafu, wakisikia baridi. Hakuna aliyekiona kiwiko. Mimi nilikiona kwanza kuliko miti.

Wateja hunikuta na shuka ya buluu na shuka nyeupe nyuma ya kiti. Juzi binti mmoja wa chuo aliomba kijani, ati kinampendeza. Nikamwambia kijani sina, kilifukizwa. Akadhani ni lugha ya kwetu Ganda, akakaa kwenye buluu, akatabasamu. Ilitoka vizuri.